Popo Analala Saa Ngapi?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mgongo wake ukuta wa kinyozi, kichwani bati linalochuruzika mvua ikinyesha na kuchoma utosi jua likiwaka. Mkono wa kulia Wembe ananyoa mlango ukiwa wazi, redio ikimsemesha yeye na wateja wake. Mkono wa kushoto Breki ametandaza magurudumu ya baiskeli, na beseni la maji machafu la kutafutia matundu ya mipira. Katikati, penye jiko la mkaa, anakaa Bi Buli na birika lake la kahawa, na yeye ndiye serikali ya pale: anayemwagia mwenzake kahawa hupewa onyo, anayetukana hunyimwa, na anayesema uongo mzuri huongezewa nusu kikombe bure. Profesa hana kazi pale, wala kwingine hana. Yeye hukaa upande wa kivuli na kusoma vipande vya magazeti waliyofungiwa watu vitu dukani. Pale ni njia panda. Anayetoka kiwanda cha biskuti lazima apite hapo, anayekwenda kwenye maghala lazima apite hapo, na ndiyo maana kwa miaka mingi watu wa benchi ndio waliokuwa mashahidi wa ndoa ya Popo.

Asubuhi hiyo Popo alitokea saa nne, jua limekwisha kuwa kali. Hakuna aliyewahi kumwona saa nne. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mbao, na saa nne ya asubuhi kwake ilikuwa usiku wa manane. Walimwona akija polepole, vifungo vya shati vimepishana na matundu yake, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kumenya vitunguu, na kila mmoja akajitafutia kazi. Breki alizamisha mpira kwenye beseni. Wembe alipangusa kiti kisichokuwa na mtu. Wiki iliyopita walikuwa wamembeba mke wake mabegani, na pole zote walizokuwa nazo walikwisha kumpa siku ile. Hawakubakiwa na akiba.

— Umeamkaje, Popo? Breki ndiye aliyethubutu.

— Sijaamka. Ili mtu aamke, lazima awe amelala.

— Basi karibu, kaka, alisema Bi Buli. Profesa, sogea huko, hilo si kaburi la babu yako.

Neno kaburi lilimtoka kabla hajalikamata. Alijiuma mdomo, akammiminia Popo kikombe mpaka juu. Popo alikipokea, akakishika kwa mikono miwili, hakunywa.

Ndoa yake ilikuwa ndoa ya zamu. Mke wake, ambaye benchi zima lilimwita Shemeji, alikuwa akifunga biskuti kwenye pakiti kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Popo alikuwa akianza kulinda mbao jua likizama mpaka alfajiri. Nyumba ilikuwa na ufunguo mmoja. Kila asubuhi mmoja akienda na mwingine akirudi, walikutana hapo mbele ya kinyozi, Shemeji akampa Popo ufunguo, akamwambia mboga iko wapi na nani amekuja kuuliza nini, akaondoka mbio. Kila jioni Popo alimrudishia ufunguo ule ule. Kitanda chao, watu wa benchi walikuwa wakisema, kinadai likizo, maana hakijawahi kupoa. Wakigombana, neno la asubuhi lilijibiwa jioni na la jioni likajibiwa asubuhi, hata ugomvi wa dakika tano uliwachukua wiki nzima, na mwisho wake walikuwa wamesahau ulianzia wapi. Walimlea binti yao mmoja kwa mtindo huo, wakamwoza, akaenda mbali.

Na Popo ndiye aliyeianzisha hoja ya saa. Zamani hizo, jioni moja, ufunguo mkononi, alisimama pale akasema kwamba waliotengeneza saa walitupunja. Baada ya saa kumi na mbili jioni mtu anarukia saa moja usiku. Kwa nini? Hapo katikati kuna nafasi. Iwekwe saa ya kumi na tatu, na ndani ya saa hiyo malango yote ya kazi yafungwe, asiyeingia asiingie na asiyetoka awe ametoka, ili mtu akae na mke wake. Shemeji alicheka mpaka akaegemea ukuta.

— Naunga mkono, alisema, ila kwa sharti moja. Saa hiyo ikifika, wanaume wasikutwe kijiweni.

Tangu hapo, kila kahawa ilipokosa mazungumzo, saa ya kumi na tatu ilirudi. Ilikuwa mali ya Popo. Ndiyo maana asubuhi ile ya ukimya, redio ya Wembe iliposema kuwa wataalamu wamepima na kuona dunia inapunguza mwendo, mwezi unaivuta, siku inarefuka kwa kiasi ambacho hata jicho likipepesa halikioni, Wembe aliongeza sauti kwa haraka ya mtu anayemrushia kamba aliyetumbukia kisimani.

— Mmesikia? Alichomoza kichwa mlangoni, mashine ikinguruma mkononi. Siku inarefuka! Popo alisema miaka yote, sisi tukamcheka.

— Inarefuka kiasi gani? aliuliza Breki.

— Kidogo.

— Kidogo gani?

— Kidogo cha redio. Usinibane, mimi ni kinyozi.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Profesa, akikunja gazeti lake lenye doa la mafuta. Ni suala la subira. Hiyo saa moja ya Popo itafika yenyewe.

— Baada ya muda gani?

— Mamilioni ya miaka.

— Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi saa yangu naitaka kabla ya chakula cha mchana.

— Basi tusingoje, tujenge. Profesa alisimama, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Wahenga wamesema nini? Wakati ni ukuta.

— Ukishindana nao utaumia, Breki alimalizia.

— Hicho kipande cha pili kiliongezwa na wavivu! Ukuta ni nini? Ni matofali. Kama wakati ni ukuta, anaitwa fundi, anapanga mistari miwili ya matofali juu, anapiga lipu, kazi imekwisha.

Mteja aliyekwisha kuingia na kukaa kwenye kiti cha Wembe alicheka huku amefunikwa shuka mpaka shingoni. Bi Buli alimtazama Popo kwa pembeni. Popo alikuwa anaangalia kahawa yake. Alielewa wanachofanya. Walikuwa wanamtandikia maneno kama mtu anavyotandikiwa mkeka, ili akae juu yake na asiguse ardhi. Aliwashukuru moyoni, ila kushukuru nako kulimchosha.

— Uso wa saa una namba kumi na mbili, alisema Wembe. Ya kumi na tatu itakaa wapi?

— Pale juu, kati ya kumi na mbili na moja, alisema Breki. Zitabanana. Kwani sisi hapa mtu akija hatubanani?

— Na wakati wa hiyo saa yenu, aliuliza Bi Buli, nani anapika?

— Hakuna kupika. Watu wamekaa.

— Mtoto akilia?

— Saa hiyo watoto hawalii.

— Aaa! Bi Buli alipiga goti lake kwa kiganja. Nawajua. Mwanamume akiongezewa saa, mwanamke ameongezewa kazi. Shemeji aliliona hilo zamani, ndiyo maana aliwawekea sharti.

Jina lilitajwa, na hakuna kilichopasuka. Walipumua kidogo. Breki akapata moyo, akatoa gurudumu kwenye maji, akalizungusha hewani kwa kidole.

— Hilo la matofali ni la kitoto. Nisikilizeni mimi. Dunia inafanya nini? Inazunguka. Kitu kinachozunguka ni mali yangu, nakijua kuliko mama yangu mzazi. Hakuna gurudumu lisiloshikika. Hili hapa linakwenda kasi, nikilibana hivi, si limepungua? Sasa watu wote wa dunia nzima wapande baiskeli. Wote! Wageuke upande mmoja, wapige pedeli kwa pamoja. Ardhi inasukumwa nyuma. Siku inakuwa ya saa thelathini.

— Na bahari?

— Itamwagika kidogo. Hata kahawa humwagika. Bi Buli anatoa onyo, maisha yanaendelea.

— Na asiyekuwa na baiskeli?

— Aje kwangu.

Hata Popo midomo yake ilisogea. Profesa aliiona ile midomo, akadhani mlango umefunguka, akajitosa na miguu yote miwili.

— Ninyi mnahangaika na saa, ugonjwa uko kwenye kalenda. Hesabuni na mimi. Jumamosi, ya kwanza. Jumapili, ya pili. Jumatatu, ya tatu. Jumanne, ya nne. Jumatano, ya tano. Halafu inakuja nini?

— Alhamisi.

— Na Alhamisi kwa Kiarabu maana yake nini? Ya tano! Tangu enzi za mababu tuna tano mbili kwenye wiki moja na hakuna mtu aliyehoji. Moja imejipenyeza, haina haki ya kuwepo. Tunaivunja. Saa zake tunazigawa kwa ndugu zake sita, kila siku inapata saa nne za bure. Bila baiskeli, bila fundi.

— Hapo umenena, alisema Wembe. Unavunja ipi?

— Jumatano.

— Jumatano msiivunje.

Sauti ilitoka chini, kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa. Wote waligeuka. Popo hakuwa amenyanyua uso.

Jumatano ndiyo iliyokuwa siku yake ya kupumzika. Jumapili ilikuwa ya Shemeji, lakini Jumapili yeye Popo mchana alikuwa amelala, na Shemeji alikuwa akikaa chumba kile kile, mlango umeegeshwa, akichambua mchele kwa vidole vyepesi ili punje zisigonge ungo. Jumatano ndipo Popo aliponyoa ndevu, akavaa shati la kunyooshwa, akaenda kusimama nje ya lango la kiwanda kama kijana anayechumbia. Walirudi wote wawili wakitembea katikati ya barabara. Walikula pamoja. Usiku huo Popo hakupata usingizi, maana mwili wake ulikwisha kuzoea kukesha, basi alilala macho wazi akisikiliza pumzi za mke wake mpaka alfajiri, na hakuwahi kulalamika.

— Basi, Jumatano tunaiacha, alisema Profesa upesi. Tunavunja Alhamisi.

— Alhamisi vunja, alisema Popo. Alhamisi ivunjeni hata leo.

Breki alilishika gurudumu likaacha kuzunguka. Kila mtu pale alijua Shemeji ameanguka siku gani.

Ilikuwa mchana. Popo, kama kila mchana, alikuwa amelala pazia limeshushwa na simu imezimwa, kwa sababu asiyezima simu mchana atalala lini? Kiwandani walipiga, wakapiga tena. Mwishowe mtu mmoja alikumbuka kuwa jirani na nyumba yake kuna kinyozi, wakatafuta namba ya kinyozi. Wembe alimwacha mteja na povu kidevuni, akakimbia, akagonga mlango kwa ngumi mpaka majirani wakatoka. Popo alifungua akiwa amevaa suruali ya usiku, akidhani kumekucha, akidhani amechelewa kazini. Walipofika hospitali, mikono ya Shemeji ilikuwa imekwisha kulazwa kifuani.

Wembe sasa alizima mashine. Alitafuta neno la kuwavusha wote, na lililokuja halikuwa jema, ila alilisema.

— Mimi nasema wiki nzima ifanywe siku moja. Siku moja tu, ndefu, mpaka mtu aseme mwenyewe, jamani imetosha.

— Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda! Profesa alishika kipande hicho kama paka anavyodaka samaki. Watu hufa kwa nini? Kwa sababu siku zao zimehesabiwa. Zimehesabiwa! Hakuna mahali popote waliposema zimepimwa. Idadi ni ile ile, hatuigusi, hatumwibii mtu. Tunachofanya ni kurefusha kila moja. Mtu aliyeandikiwa siku zake anaishi zote, lakini kila moja ni ndefu kama mwezi.

Popo aliinua uso kwa mara ya kwanza.

— Kwa hiyo angekuwa bado yupo?

— Nani?

— Mke wangu. Kwa hesabu yako. Angekuwa bado yupo?

Bi Buli alimkata Profesa kwa jicho, lakini Profesa hakuwa mtu wa kusoma macho, alizoea magazeti.

— Angekuwa anatembea! Hata nusu hajafika. Kosa ni letu, hatukuwahi. Ndiyo yale ya wahenga, chelewa chelewa utakuta mwana si...

Aliisikia methali yake mwenyewe ikija, akaifungia mdomoni. Ilikuwa imekwisha kutoka zaidi ya nusu.

Mkaa ulilia jikoni. Mteja wa Wembe alichungulia mlangoni na kichwa chake kilichonyolewa upande mmoja.

— Malizia, Profesa, alisema Popo.

— Nimesahau mwisho wake.

— Hujasahau.

— Nisamehe, ndugu yangu. Mdomo wangu hauna breki.

— Sikulaumu. Popo aliweka kikombe chini, taratibu, asije akamwaga. Ninyi mnatafuta siku ndefu. Njooni mchukue yangu, ninayo. Tangu Alhamisi ile mimi sijaona Ijumaa. Naona jua linazama, linachomoza, watu wananiambia leo Jumanne, leo sijui nini. Nawaitikia tu. Kwangu bado ni Alhamisi, na jua liko palepale lilipokuwa Wembe alipogonga.

— Hulali kabisa, kaka? aliuliza Bi Buli.

— Silali. Usiku nasikiliza. Mchana nashusha pazia, nalala upande wangu, nahamia upande wake, narudi. Aliendelea polepole, kana kwamba anaona aibu. Kitanda kimepoa, Bi Buli. Mimi nilizoea kulala pale alipoamka. Miaka yote sijawahi kupanda kitanda cha baridi. Sikujua kumbe ndiko usingizi wangu ulikokuwa.

Breki aliangalia mikono yake iliyojaa grisi kana kwamba kuna mtu amempa aishike.

Ndipo alipokuja yule mama. Alikuwa wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, amevaa joho la buluu la kiwandani lenye sukari nyeupe kwenye mikunjo ya mikono, na mfuko wa plastiki ameukumbatia kifuani. Alisimama hatua chache kutoka benchi, kama mtu anayeogopa kukanyaga ndani ya nyumba ya wenyewe.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama. Karibu.

— Ahsanteni. Naulizia kwa mume wa marehemu, dada yetu wa pale kiwandani. Anaitwa Popo. Nimeambiwa nyumba si mbali. Lakini kabla sijaenda kugonga, nilitaka niulize kwanza. Huwa analala saa ngapi? Nisije nikamwamsha.

Lilikuwa swali dogo. Profesa, aliyekuwa na jibu la dunia, mwezi na kalenda, alifungua mdomo akaufunga. Wembe alimtazama Breki. Breki alimtazama Bi Buli. Bi Buli aliinamia birika. Mama yule aliwatazama mmoja mmoja, akaanza kuingiwa na wasiwasi kuwa ameuliza jambo baya.

— Ni mimi, alisema Popo.

— Shemeji!

Mama aliweka mfuko chini, akapiga magoti pale pale mchangani, akamshika mikono yote miwili. Walipeana pole. Alieleza kuwa mazishini hakufika, maana mashine hazikusimama, waliruhusiwa watu wachache tu kwa niaba ya wengine. Leo alikuwa ameomba ruhusa ya kutoka kidogo.

— Samahani kwa kukaa kimya, shemeji. Sisi sote kule tunakujua. Hatujakuona, lakini tunakujua kwa usingizi wako.

— Kwa usingizi wangu?

— Saa ya kula tunakaa chini, wanawake, si unajua, tunacheka, tunapiga makelele. Dada alikuwa anatuambia, punguzeni sauti, mume wangu amelala. Na wewe uko huku, mtaa mwingine kabisa! Mwanzo tulimcheka. Baadaye, sijui kwa nini, tukawa tunapunguza kweli. Mpaka msimamizi akipita anapunguza.

Popo alitikisa kichwa. Hakuwa amewahi kuambiwa hilo. Kwenye yale makabidhiano ya ufunguo hapakuwa na nafasi ya mambo kama hayo, palikuwa na nafasi ya mboga na mafuta ya taa tu.

— Mama, siku ile mlinipigia, alisema. Nilikuwa nimezima.

Mama aliachia mikono yake. Alitazama chini, akafuta sukari isiyokuwepo kwenye goti la joho.

— Hilo ndilo lililonileta, shemeji. Tulichelewa kukupigia, na aliyechelewesha ni mimi.

— Vipi?

— Alisema kichwa kinamuuma. Tukamkalisha juu ya makasha, tukampa maji. Simu yake nilikuwa nimeshika mimi, jina lako liko mbele ya macho yangu. Nikamwambia, dada, nampigia mumeo. Akanishika hapa kwenye kiwiko. Akasema, usimwamshe. Amekesha. Mwache alale, nitamwambia mwenyewe jioni. Nikaiweka simu. Mpaka alipoanguka ndipo tukaanza kupiga, na wakati huo...

Bi Buli alikuwa amesimama, kikombe tupu mkononi.

— Alijua? aliuliza Popo. Alipokuwa anasema hivyo, alijua?

— Hapana, shemeji. Naapa. Aliona ni uchovu. Alikuwa anasema jioni, jioni, kama mtu ambaye jioni yake iko hapo tu mlangoni. Mimi ndiye nisiyelala. Nasema, ningepiga tu. Ningemkatalia, nikapiga.

— Ungepiga, usingenipata.

— Labda ungesikia.

— Nilizima tangu asubuhi, mama yangu. Huzima kila siku. Hata ungepiga alipoanza, hata ungepiga kabla hajaanza. Usijibebeshe.

Walitazamana, mgeni na mwenyeji, kila mmoja alikuja na mzigo akidhani ni wake peke yake. Mama alianza kulia kwa sauti ndogo, ya mtu aliyezoea kulia chooni kazini. Bi Buli alimnyanyua, akamketisha, akampa kahawa, naye akainywa yote kwa pumzi moja ingawa ilikuwa moto. Kisha akakumbuka mfuko.

— Vitu vyake vilivyobaki kwenye kabati. Ndala na sweta. Sikutaka wampe mtu mwingine.

Popo alilitoa sweta. Lilikuwa la kijani, limechakaa viwiko, na lilikuwa na ile harufu ya vanila na siagi iliyokuwa ikiingia ndani na Shemeji kila jioni, iliyolala kwenye mto, iliyokuwa kwenye nywele zake hata siku za sikukuu. Alilikunja mara mbili mapajani. Aliegemeza mgongo kwenye ukuta wa kinyozi.

— Alisema niachwe nilale, alisema, si kwa yeyote.

— Ndiyo, shemeji. Hivyo hivyo.

Breki ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa ameinua nyundo kunyoosha rimu, mkono ukasimama hewani. Kidevu cha Popo kilikuwa kimeshuka kifuani. Kichwa kiliyumba mara moja, mara mbili, kikatua kwenye bega la Profesa.

Profesa aliganda. Hakukunja gazeti, hakukohoa. Wembe aliingia ndani kwa ncha za vidole, akafunga redio, akamnong'oneza mteja wake kwamba nusu iliyobaki atakuja kuimalizia kesho, bila malipo. Mteja alifunga kichwa chake kwa leso, akatoka akitembea kama mwizi. Mama wa kiwandani alivua viatu, akavibeba mkononi mpaka alipofika mbali. Watu walikuja kutaka kahawa. Bi Buli aliwapungia mkono waende zao. Mmoja aliyekaidi na kuuliza kwa sauti kuna nini, alionyeshwa jicho ambalo hakulisahau. Kivuli kilihama. Jua lilipomfikia Popo usoni, Breki alileta turubai lake la kufunikia baiskeli, yeye na Wembe wakalishika kila mmoja upande wake, na mikono ilipochoka wakalifunga kwenye bati.

Hakuna aliyefanya kazi mchana ule. Hakuna aliyezungumza.

Popo aliamka mwanga ukiwa mwekundu. Alifumbua macho, akaangalia anga, akaangalia nyuso zilizomzunguka, asijue yuko upande gani wa usiku.

— Kumekucha au kumekuchwa? aliuliza.

— Kumekuchwa, kaka, alisema Bi Buli.

Wakati huo lango la kiwanda lilikuwa limefunguliwa. Wanawake walianza kupita pale njia panda, wawili wawili, watatu watatu, na majoho yao ya buluu, wakicheka na kuitana. Popo alikaa wima akawatazama. Alimtazama kila mmoja usoni mpaka apite. Walipungua, akabaki mmoja aliyechelewa akifunga kiatu, naye akapita, akapotea kwenye kona, na barabara ikawa tupu.

Ndipo Popo alipolia. Mazishini hakuwa amelia. Sasa alilia kwa sauti, uso ndani ya sweta la kijani, mabega yakipanda na kushuka, na watu wa benchi walimsogelea wakabanana naye, Profesa upande mmoja na Wembe upande mwingine, Breki na Bi Buli wamechuchumaa mbele yake. Walikaa hivyo giza likiingia. Birika lilikuwa limekauka tangu mchana, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kahawa.